Kichwa Kilichokataa Kuwa Kitupu

Walipomtoa Fundi Cheche ndani ya mashine ya kupigia picha kwa mara ya pili, paji la uso lilikuwa limechubuka na joho la hospitali limemganda mgongoni kwa jasho. Hakungoja meza ifike mwisho. Aliteremka ikiwa bado inatembea, akaegemea ukuta akimeza hewa kama mtu aliyeibuka majini. Kisha, kwa kuwa ndivyo alivyozoea maisha yake yote, akatia mzaha.

"Mashine yenu nyembamba hii. Mliipima kwa mtu gani, mwenye mwili wa sindano?"

Hakuna aliyecheka. Mtaalamu wa mashine, mwanamke wa makamo ambaye wagonjwa walimwita Mama Sumaku, alimpa pamba ya kufutia damu na kumwonyesha mlango. Cheche akatoka nje, na nje kulikuwa na dada yake.

Huyu Cheche alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti, madirisha, matangi, chochote cha chuma kilichotaka kuungwa alikiunga. Alikuwa na mabega kama kabati na sauti iliyosikika hata grenda ikinguruma. Ukimpelekea geti lililopinda alikucheka kwanza, akalinyoosha baadaye. Watu walimpenda kwa hilo, na yeye alijua wanampenda, kwa hiyo hakuacha kuchekesha hata mahali ambapo mtu mwenye busara angefunga mdomo.

Jambo lililompeleka hospitali lilikuwa hili. Mpwa wake, binti wa dada yake mdogo, alizaliwa na mirija ya nyongo iliyoziba. Sasa alikuwa na miaka mitano na ini lake lilikuwa limefika mwisho. Macho yalikuwa ya njano, tumbo limevimba, na alijikuna ngozi mpaka ikatoa damu. Madaktari walisema atapona akipewa kipande cha ini la mtu mzima ambaye damu yake inaafikiana na ya mtoto. Baba wa mtoto alikwisha fariki. Mama alipimwa, akaambiwa hafai. Ndugu wengine walipimwa mmoja baada ya mwingine wakaanguka, hadi akabaki Cheche peke yake, na Cheche alifaa kila kitu: damu, moyo, mapafu, uzito. Kilichosalia kilikuwa picha ya mirija iliyomo ndani ya ini lake, ili mpasuaji ajue akate wapi na wapi asiguse. Bila picha hiyo hakuna mpasuaji mwenye akili timamu ambaye angeshika kisu.

Na wewe utauliza, kama alivyouliza Cheche mwenyewe: si wamchome tu sindano alale? Haiwezekani. Ini limejibanza chini ya mapafu, na mtu akivuta pumzi nalo linasogea. Picha ile ilimtaka mtu aliye macho, anayeambiwa ashike pumzi akaishika, aachie akaachia, tena na tena, bila kujitikisa. Mitambo ya hospitali hiyo ya kumlaza mtu usingizi mzito nayo ilikuwa ya chuma, haikuruhusiwa kuingia kwenye chumba chenye sumaku kubwa namna ile. Hata Cheche, kwa sababu ya kazi yake, walimpiga kwanza picha ya macho kuhakikisha hana chembe ya chuma iliyojificha humo, isije ikavutwa. Macho yalikuwa safi. Lililomshinda lilikuwa lile bomba la mashine ambamo mtu huingizwa amelala.

Dada yake alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mkoba umebanwa kifuani. Alilitazama lile chubuko la paji la uso, akaitazama ile pamba.

"Umeshindwa tena," alisema.

"Nitarudi. Wanipe tu dakika ya—"

"Kaka." Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilimtisha Cheche kuliko kelele. "Kama hutaki kutoa ini lako, sema. Ni mwili wako, una watoto wako, sitakulaumu. Lakini usinifanyie maigizo. Mimi mtoto wangu anakufa."

Cheche alifungua mdomo. Safari hii hakuna mzaha uliotoka. Dada yake akageuka, akaenda zake wodini.

Ukweli wenyewe Cheche hakuwahi kumwambia mtu. Miaka mingi nyuma aliingia ndani ya tangi la maji la kiwanda kuchomelea mshono uliokuwa ukivuja. Mfuniko ukaanguka ukakwama, taa ikazimika, na wenzake wakadhani amekwisha ondoka. Aligonga chuma kwa nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Walipokuja kumfungulia alichomoza kichwa akasema, "Mmechelewa, nilikuwa nishaanza kutafuta wapangaji," na watu wakavunjika mbavu. Tangu siku hiyo kisa cha tangi kilikuwa kichekesho chake kikubwa, harusini na misibani. Hakusema kwamba mle gizani alilia akimwita mama yake. Hakusema kwamba tangu hapo hapandi lifti, halali mpaka dirisha liwe wazi, na kazi za ndani ya matangi huzikataa kwa kisingizio cha mgongo.

Mara ya kwanza walipomwingiza kwenye mashine, mabega yaligusa kuta za bomba pande zote mbili, dari ikamkaribia pua, naye akaubana mpira wa dharura aliopewa mkononi wa kuomba kutolewa, kabla mashine haijawashwa. Alirudi nyumbani amenywea, akamweleza mkewe nusu ya mambo. Mkewe, mwanamke mwepesi wa kutafuta tiba za kila kitu, akasema dawa anayo: kutafakari. Alikuwa amesikiliza kwenye simu sauti ya mtu mmoja mpole, yenye filimbi nyuma yake, na akayaelewa mambo kwa namna yake.

"Unakaa chini, unakunja miguu hivi, unafumba macho, unakitoa kila kitu kichwani," alimfundisha. "Kichwa kinakuwa kitupu kabisa, kama sufuria iliyooshwa. Hapo hofu itakaa wapi?"

Magoti ya fundi aliyepiga magoti kwenye saruji nusu ya umri wake hayakunjiki. Alianguka kiubavu mara mbili kabla mkewe hajamwekea mto. Jirani alichungulia dirishani, akaonya kwamba mtu akikiacha kichwa wazi namna hiyo mapepo huingia bila hodi. Shemeji yake akasema hayo ni mambo ya matajiri wasio na kazi za kufanya. Cheche aliwatania wote, lakini alijikaza. Kila alfajiri alikaa juu ya ule mto akiyafukuza mawazo kichwani kama afukuzaye kuku sebuleni, na kila alfajiri aliinuka amechoka kuliko alivyokaa. Alidhani tatizo ni yeye, kwamba wenzake wanaweza na yeye hana kipaji.

Kwa hiyo mara ya pili aliingia bombani akiwa na kazi moja tu, kutokuwa na wazo. Na mtu anayejikataza kuwaza tangi atawaza nini? Lilikuja. Alilisukuma, likarudi na giza lake. Akalisukuma tena, likarudi na harufu ya kutu. Alipigana nalo mpaka hewa ikamwishia, akausahau ule mpira, akajaribu kutambaa kutoka, na ndipo alipojigonga paji la uso.

Mpasuaji alimkuta ukumbini pale pale alipoachwa na dada yake. Alikuwa daktari kijana asiyependa kuzungusha maneno.

"Nimezungumza na mtu wa mashine. Leo mchana, baada ya mgonjwa wa mwisho, atakuweka tena. Ikishindikana, nakutoa kwenye mpango, tutafute mtu mwingine."

"Yupo mtu mwingine?"

Daktari alitazama pembeni. "Hayupo," alisema.

Cheche alipita mlango wa nyuma akatokea kwenye uwanja mdogo, penye matangi ya maji na kamba za kuanikia mashuka. Alitaka hewa. Kwenye benchi la mbao alikuwa amekaa Mama Sumaku, viatu amevivua, mikono imelala mapajani, macho wazi yakitazama shuka linalopepea. Hakuwa anakula wala hakushika simu. Cheche alikaa upande wa pili wa benchi, likalia.

"Unaumwa, mama?"

"Nafuatilia pumzi kidogo. Nikitoka hapa nina wagonjwa wengine, na wewe."

Cheche akashusha pumzi kwa hasira. "Kutafakari, siyo? Hicho kitu nimekijaribu. Ndicho kilichoniponza asubuhi hii."

"Kimekuponzaje?"

"Kichwa changu hakikubali kuwa kitupu. Nikitoa hili linaingia lile."

Mama Sumaku alimgeukia kwa mara ya kwanza. "Nani kakwambia kiwe kitupu?"

"Mke wangu."

"Na chake ni kitupu?"

"Thubutu! Mle ndani kuna soko zima, na siku ya gulio."

Mama Sumaku alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. "Kichwa kitupu ni cha maiti, fundi. Mimi hapa tangu nikae nimewaza gesi iliyoisha nyumbani, nimewaza mwanangu hajanipigia, nimekuwaza na wewe ulivyonitolea damu kwenye mashine yangu."

"Sasa hapo umetafakari nini?"

"Nimechagua kitu kimoja. Leo nimechagua pumzi, inavyoingia puani na kutoka. Siku nyingine nachagua nyayo zangu chini, siku nyingine feni ya ofisini inavyoguruma. Akili inakwenda zake. Nikigundua imekwenda, nairudisha. Inakwenda tena, nairudisha tena. Basi."

"Basi?"

"Basi. Na wala sikunji miguu, ina uvimbe."

Cheche alitafuta pa kumnasa. "Na hofu inaondoka?"

"Kuna siku inaondoka. Kuna siku inakaa pale pale. Utulivu sikuahidi."

Hapo damu ilimchemka. "Sasa faida yake nini?" alifoka, na shuka lililokuwa linaanuliwa upande wa pili likasimama kidogo mikononi mwa mfuaji. "Mimi nina mtoto anakufa wodini, dada yangu ananiona mwongo, wewe unaniambia nihesabu pumzi na hofu ibaki pale pale? Inanisaidia nini?"

Mama Sumaku hakupandisha sauti. "Ukiwa unachomelea unatazama nini?"

"Nini?"

"Umevaa ile kofia yako ya kioo cheusi. Unatazama nini?"

"Kidimbwi," alisema Cheche, bado amekunja uso. "Chuma kikiyeyuka kinafanya kidimbwi kidogo, kama cha tone la mafuta. Unakitazama hicho, unakwenda nacho."

"Na mawazo huna wakati huo?"

"Ninayo tele. Nawaza mteja msumbufu, nawaza chakula. Ila ukiyafuata, mshono unaharibika. Ukijikuta umekwenda, unarudi kwenye kidimbwi." Alikuwa amejisikia mwenyewe anavyosema, na hakupenda. "Unarudi tu," alimalizia kwa sauti ndogo.

"Unagombana na yale mawazo?"

"Nigombane nayo saa ngapi, na moto ninao mkononi?"

Kisha Cheche akasema, kwa uchungu wa mtu aliyetembezwa njia ndefu bure, "Mbona hukuniambia haya asubuhi?"

"Asubuhi uliniambia mashine yangu nyembamba."

Mama Sumaku alimwambia aweke visigino chini na kuvisikia, asivitazame. Cheche alivisikia: changarawe, joto la saruji. Mara akawa yuko wodini, kwenye macho ya njano ya mpwa wake. "Nimekwenda," alisema. "Umegundua, siyo? Rudi." Akarudi. Hakumaliza pumzi tatu akawa ndani ya tangi. "Nimekwenda tena. Siwezi mimi." Mama Sumaku alikuwa anavaa viatu vyake. "Huko kugundua ndiko kazi yenyewe," alisema. "Unadhani unashindwa, kumbe ndiyo unafanya. Dakika mbili zinatosha. Tutaonana mchana."

Mchana ulifika upesi kuliko alivyotaka. Mkewe alikuwa amekuja, amekaa na dada yake kwenye viti vya ukumbini, viti viwili vitupu katikati yao. Dada yake hakuinua macho. Cheche alitaka kusimama mbele yake aseme neno, akaona maneno hayatasaidia, akapita.

Alilala juu ya meza. Mama Sumaku alimfunga ukanda wa kupokelea picha juu ya tumbo, akamvisha spika za masikioni, akamfunika macho kwa kitambaa, akamtia ule mpira mkononi.

"Ukiubana nakutoa, sitauliza," alisema. "Lakini ukitoka katikati, picha hazijakamilika."

Meza ikaanza kuingia. Mabega yaligusa kuta, kushoto na kulia kwa pamoja, na moyo wa Cheche ukaruka. Ulidunda masikioni, ulidunda kooni, kijasho chembamba kikamtoka juu ya mdomo. Alingoja ule utulivu aliokuwa bado, kwa siri, anautumaini. Haukuja. Hofu ilikuja yote kama ilivyokuja asubuhi, ikamkalia kifuani kwa uzito wake wote.

Visigino, aliwaza.

Mashine ikaanza kugonga, na mgongo mzima wa Cheche ukashtuka, kwani ilikuwa kama nyundo juu ya chuma naye yuko upande wa ndani. "Vuta pumzi," sauti ilisema masikioni. Akavuta. "Toa. Shika hapo." Akashika. Mapafu matupu, kifua kimebanwa, chuma kikigonga, na kila kiungo chake kikimwambia atoke. Alijaribu mara moja kuisukuma ile hofu, akaona inavimba kama ilivyovimba asubuhi. Akaiacha. Haikuondoka, lakini haikuongezeka pia. "Pumua." Akapumua kama punda.

Ikawa hivyo. Vuta, toa, shika, pumua. Katikati akili ilikwenda kila ilikotaka. Ilikwenda kwenye geti la mteja lililobaki bila bawaba. Ilikwenda kwa dada yake alivyosema neno maigizo. Ilikwenda kwa mpwa wake, ambaye siku moja alimuuliza, "Mjomba, ukinipa ini lako na mimi nitakuwa na sauti kubwa?" Kila alipogundua amekwenda alirudi kwenye visigino, na kila aliporudi hofu ilikuwa imemngojea pale pale. Alichoka. Machozi yalimtoka chini ya kitambaa yakamwingia masikioni, wala hakuweza kuyafuta.

Kisha mashine ikanyamaza.

Kelele alikuwa amezizoea. Ukimya ndio uliomvunja. Hakuna sauti masikioni, hakuna mlio wa nyundo, hakuna mtu. Wameondoka, alijua wameondoka, kama walivyoondoka siku ile wakadhani amekwenda nyumbani. Giza likawa giza la tangi. Alisikia harufu ya kutu, alisikia kabisa, na vidole vikaanza kuubana mpira. Ulibonyea nusu. Alimwita mama yake, bila sauti, kama mtoto.

Visigino.

Vilikuwa vimelala juu ya kitambaa cha kufunika meza. Cheche alisimamia hapo, akili yote imening'inia kwenye mwisho wa miguu yake, akakisikia kile kitambaa kilivyo: laini, kimekunjamana kidogo upande wa kushoto, kikavu. Siku ile ndani ya tangi miguu yake ilikuwa kwenye maji machafu mpaka vifundoni. Hapa palikuwa pakavu. Hapa hapakuwa pale. Hofu haikujali, iliendelea kumtetemesha, lakini yeye alikwisha jua yuko wapi. Vidole vikalegea, mpira ukajaa tena.

"Fundi," sauti ilisema, "nilikuwa napanga picha za mwisho. Upo?"

"Nipo," alisema Cheche. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwingine.

"Vuta pumzi. Toa. Shika hapo."

Walipomtoa hakuruka. Alikaa ukingoni mwa meza, miguu inaning'inia, mikono inamtetemeka kiasi kwamba Mama Sumaku ndiye aliyemfungua ukanda. "Zimetoka zote," alimwambia. "Safi kama kioo." Cheche aliitikia kwa kichwa. Alitembea mpaka mlangoni akishika ukuta, akaufungua, na wanawake wawili wakainuka kwa pamoja.

Mkewe alimwahi. "Imekubali? Kichwa kilikuwa kitupu?"

"Kilijaa pomoni," alisema Cheche.

Dada yake alibaki amesimama kando ya kiti chake. Alikuwa anamtazama kaka yake usoni, kwenye njia za machozi zilizokwenda kando mpaka masikioni, akayashusha macho kwenye mikono, akaona inavyotetemeka. Hakuwahi kuiona ikitetemeka. Ilikuwa mikono iliyombeba alipokuwa mdogo.

"Niliogopa," Cheche alimwambia. "Sikukataa, mdogo wangu. Niliogopa. Tangu siku ya tangi naogopa, na lile tangi halijawahi kuchekesha hata siku moja. Nilikuwa nalia mle ndani."

Dada yake alifunika mdomo kwa kiganja. "Na leo umeingia hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Alimjia, akaweka kichwa kwenye kile kifua kipana, na joho la hospitali likalowa upya. Hakuomba radhi kwa maneno, wala Cheche hakuidai.

Kabla jua halijazama mpasuaji aliwaita. Alikuwa amezipitia picha zote. Mirija ilikuwa imejipanga vizuri, alisema, ini linakatika bila kumdhuru mtoaji wala mpokeaji, na chumba cha upasuaji atakiandaa wiki ijayo. Mke wa Cheche alipiga kigelegele ndani ya ofisi ya watu, akaombwa atulie, akapiga kingine ukumbini, kisha akakimbilia wodini kumpa mtoto habari. Cheche alitaka kumfuata. Akageuka kumwita dada yake, akamkuta amekaa chini kwenye benchi la ukumbini, uso umempauka.

"Vipi tena? Si tumepata?"

"Tumepata." Alikuwa anapumua juu juu, maneno yanakatika. "Kaka, siku hiyo mtaingia wote wawili. Wewe meza hii, mwanangu meza ile. Saa nzima, masaa, mchana kutwa, sijui. Mimi ndiye nitakayebaki nje. Hapa. Peke yangu." Alilishika benchi kwa mikono yote miwili. "Sina mwingine zaidi yenu. Nitakaaje hapa?"

Cheche hakuwa amelifikiria hilo. Hakuna aliyekuwa amelifikiria; wote walikuwa wamemwona yeye na bomba lake. Alikaa pembeni yake, na mzaha ukamjia mdomoni wenyewe, mzuri kabisa, wa kumfanya mtu acheke hata akiwa analia. Akaumeza.

"Unausikia ubao wa benchi hapo chini yako?"

"Nini?"

"Ubao. Unausikia?"

Dada yake alifikiri. "Nausikia."

"Ukoje?"

"Mgumu. Una ufa upande huu."

"Kaa nao. Akili itakwenda, iache. Ukigundua imekwenda, irudishe kwenye ule ufa."

Alifumba macho. Mtu alipita na kitoroli cha sahani, magurudumu yakilia. Haukupita muda midomo ikaanza kumcheza.

"Imekwenda."

"Irudishe."

"Imekwenda tena, Kaka. Imekwenda kwenye kisu."

"Najua. Irudishe."

Alirudi, akaenda, akarudi. Kidole chake kilikuwa kinaufuata ule ufa wa ubao, mbele na nyuma. Kisha akafumbua macho, akamtazama kaka yake kama alivyomtazama walipokuwa watoto, alipoamini kwamba hakuna jambo asilolijua.

"Na msipotoka?" aliuliza. "Mmoja wenu asipotoka, nitairudisha wapi?"

Cheche aliutafuta uongo mmoja mzuri na hakuupata.

"Sijui," alisema. "Sijui, mdogo wangu. Vuta pumzi."

Akavuta.